Pipa Moja, Nyumba Mbili

Kazi yangu ni kuchanganya. Nina kisiagi hapa Migori, mashine moja ya kusaga ndani ya kibanda cha mabati, na watu huniletea vitu visivyojuana wakitaka virudi nyumbani vikiwa kitu kimoja. Wimbi, mtama, muhogo mkavu, soya, na siku hizi hata omena, dagaa wa ziwani, kwa sababu kila mama mwenye mtoto mchanga ameshaambiwa kwamba uji usio na omena ni maji tu. Mama wa Kikuria anayetoka upande wa mpakani hunikabidhi mfuko wake na kusema, "Nichanganyie." Mjaluo mwenzangu husema, "Weka pamoja, lakini muhogo usizidi." Mwenye duka la nguo pale mbele, mzee wa Kiislamu aliyekuja na Kiswahili chake kutoka pwani, hasemi hivyo. Husema, "Nifanyie mseto, binti yangu," nami humhudumia haraka kuliko wengine wote kwa sababu ya neno hilo.

Nayapenda maneno haya. Nimekaa nayo mpaka nikazijua tabia zake. Kukoroga kuna fujo na mwiko. Kukanda kunataka subira, ndiyo maana chapati zangu ni ngumu. Kuunga ni kazi ya fundi: unashika hiki na kile vikawa kimoja, lakini ukipitisha kidole utaugusa mshono. Kuvuruga ni kuchanganya kunakofanywa na mtu usiyempenda. Na kusaga, ambako ndiko kunakonilisha, kunamaliza maneno yote. Kitu kikishapita kwenye mashine yangu, hakuna wa kukitenganisha.

Nasema nimekaa nayo, lakini uwongo huo. Mimi sikai. Mama yangu husema nilizaliwa bila makalio. Nikipima unga naangalia barabarani, nikiongea na mteja huyu nafunga mfuko wa yule, chai nakunywa nimesimama. Watu wamezoea. Aliyekataa kuzoea ni mmoja tu, na msimu ninaousimulia ndiye niliyekuwa nikiishi naye: Mama Mkubwa.

Marehemu baba alioa wake wawili. Wa kwanza ni huyo Mama Mkubwa, ambaye kwa Kijaluo tunamwita mikayi, mwenye nyumba inayotazama lango. Wa pili ni mama aliyenizaa. Boma letu liko karibu na Kosele, huko Homa Bay, na mashamba yao mawili yamelala ubavu kwa ubavu, katikati pana kijia chembamba cha kupitishia mbuzi. Baada ya mavuno, kidonda cha mguuni cha Mama Mkubwa kilikataa kupona, sukari ikawa juu, nikamleta Migori akae kwangu karibu na kliniki. Akawa anashinda mlangoni pa kisiagi kwenye kiti cha plastiki, mguu ameunyoosha juu ya debe, akinitazama nikizunguka.

"Unahangaika kama kuku anayetaka kutaga," aliniambia kila siku. "Taga basi, tupumzike."

Nilimpenda. Naomba niliseme hilo mapema, kwa sababu karibu kila kitu kitakachofuata hapa ni hasira. Nilipokuwa mdogo nilikula kwake kuliko kwetu. Alipika nyoyo, mahindi na maharagwe kwenye chungu kimoja, nami nilikuwa na tabia ya kuokota mahindi na kuacha maharagwe. Alikuwa akinipiga kofi dogo la mkono. "Kula vyote! Unadhani nimevichanganya kwa bahati mbaya?"

Mvua za masika zilitangulia Kosele kabla ya kufika Migori. Mama akanipigia simu asubuhi, sauti yake imebanwa.

"Mwenzangu ameamkaje?" Ndivyo alivyoanza kila mara.

"Vizuri."

"Na mguu?"

"Kidonda kinafunga."

"Basi mwambie majirani wamepanda. Mwambie ardhi imelowa mpaka chini."

Hakusema zaidi, wala hakuhitaji. Kwetu mke wa pili hatii mbegu ardhini kabla ya mke wa kwanza. Mikayi ndiye anayefungua. Akishapanda, hata kama ni mashimo machache tu, ndipo wa pili anafuata, kisha wana, kila mmoja kwa zamu yake. Anayetangulia anajiletea chira, laana inayoitafuna nyumba taratibu. Mama yangu ni mtu wa kanisa, anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, na mhubiri wao kila msimu huwaambia wapande tu, hayo mambo ni ya zamani. Mama hupiga makofi, husema amina, kisha anarudi nyumbani kumngoja mikayi.

"Kwani kweli unaogopa chira?" nilimwuliza.

"Chira siiogopi," akasema. "Naogopa macho yake."

Na shamba hilo ndilo chakula chake. Hana lingine. Mvua zikimpita, mwaka mzima atakuwa wa kunyoosha mkono kwetu sisi watoto, na mama yangu afadhali alale njaa kuliko kunyoosha mkono. Nilijua hivyo, na Mama Mkubwa alijua vizuri kuliko mimi.

Wala si kwamba alishindwa kusafiri. Pale kliniki walishamruhusu. Alikuwa amegoma, na sababu ya mgomo ilikuwa pipa.

Mama Mkubwa hana habari na mbegu za dukani. Mahindi yake ni nyamula, yale ya manjano ya zamani, mafupi, matamu, yanayowahi kukomaa. Alitoka nayo kwao Kendu Bay siku alipoolewa, mamake amemfungia kwenye ncha ya leso, na tangu hapo hajapanda mengine. Kila mavuno alichagua mahindi yaliyojaa vizuri, akayafunga maganda kwa maganda, akayatundika jikoni mwake juu ya moto. Moshi huwafukuza wadudu, dawa nyingine hana. Mama yangu yeye hupanda mahindi meupe, na mbegu zake huzipukuchua na kuziweka kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko cha kukaza.

Sasa mikayi yuko Migori. Jikoni mwake hakuna moto, kwa hiyo hakuna moshi. Mama yangu akapita hapo siku moja, akachungulia, akaona vumbi jeupe limemwagika juu ya mafiga. Fukusi walikuwa wameshaingia kwenye mbegu. Basi akaingia. Akayashusha mahindi yote, akayapukuchua, akayaanika, akayapepeta, akatupa yaliyotobolewa, akayachovya kwenye majivu. Akatafuta chombo. Chombo kinachofunga vizuri kilikuwa kimoja tu pale bomani, nacho kilikuwa na mbegu zake mwenyewe. Akamimina humo humo.

Kisha akanipigia simu akiwa na furaha, nimpe mwenzake habari njema. Nikampa.

Mama Mkubwa aliushusha mguu kwenye debe. Halafu akauliza, "Amezichanganya?"

Tangu hapo kitendo kimoja kikapata majina mengi. Mama alisema ameziweka pamoja. Mama Mkubwa alisema amezichanganya, na jinsi alivyolitamka neno hilo, ungedhani ni tusi. Kaka yetu, mwanawe wa pekee, akapiga simu kutoka Sindo anakouza samaki, akasema mama mdogo amezivuruga. Mimi nilisema amezihifadhi. Nikasema amezikusanya. Nikasema ameziokoa, jamani, zingeliwa zote! Nilijaribu kila neno nililokuwa nalo kama mtu anayejaribu funguo za nyumba nyingine. Halikufungua hata moja.

"Unga ukichanganywa ni sawa," Mama Mkubwa alinijibu, akaionyesha mashine yangu kwa kidevu. "Unga hauna safari tena, unaenda tumboni. Mbegu inarudi shambani, nyathina, mwanangu. Inaota. Nitajuaje nimepanda ya nani?"

"Lakini alikuwa anakusaidia!"

"Si angewasha moto tu jikoni mwangu? Moto! Kuna mtu anashindwa na moto?"

Nikampelekea Mama swali hilo, maana siku hizo mimi ndiye niliyekuwa mjumbe wao, simu sikioni na kopo la kupimia mkononi. Mama akaanza kulia. "Niwashe moto katika jiko la mwenzangu," akasema, "kana kwamba amekufa?"

Jibu hilo sikulifikisha. Nilishindwa.

Wakakaa hivyo. Mmoja hana mbegu yake ya kuanzia, kwa hiyo haanzi. Mwingine hawezi kuanza kabla ya mwenzake. Na mvua hiyo, inanyesha tu. Kila nilipoamka niliangalia mawingu ya upande wa Homa Bay kana kwamba ningeliona shamba letu kutoka Migori. Kazi ikaniharibikia. Nikamzidishia mteja muhogo, akarudi na sufuria ya uji unaovutika kama gundi, akaiweka mbele yangu, nikamsagia mwingine bure. Nikaenda duka la pembejeo nikanunua pakiti ya mbegu za mahindi, zile zilizopakwa dawa ya waridi. Nikamwekea Mama Mkubwa mapajani. Akaifungua, akamwaga chache kiganjani, akazitazama.

"Hizi zimepaka rangi ya mdomo," akasema. "Zinaenda harusi ya nani?"

Nilicheka, ndiyo. Halafu nikaenda nyuma ya kibanda nikaupiga ukuta wa mabati teke.

Mvua zikaanza kuruka siku. Mama akapiga simu tena. Safari hii hakuuliza mwenzake ameamkaje. Alisema tu, "Udongo wa juu umeanza kukauka," akakata.

Nikaizima mashine. Kulikuwa na wateja, lakini niliizima, na kisiagi kikizimwa ghafla kila mtu hugeuka kwa sababu hakuna aliyekuwa anajua anapiga kelele.

"Mama Mkubwa, unataka nini?" nikasema. "Sema leo! Unataka afe njaa ndipo ujue mbegu zako zimelipwa? Mama wa watu amekwenda kuokoa kitu chako, na wewe umekaa hapa na mguu juu ya debe kama chifu!"

Mama mmoja akaokota ungo wake akatoka polepole. Kumpigia kelele mikayi mbele za watu, haki ya Mungu, nilijua naongeza kosa juu ya kosa. Lakini nilikuwa nimeshachemka.

Mama Mkubwa hakupandisha sauti. "Nataka zangu."

"Basi nitazichambua! Punje kwa punje. Za manjano huku, nyeupe huku. Nitakaa chini nizichambue zote mpaka ya mwisho."

Akanitazama kuanzia miguuni. Kisha akaanza kucheka, cheko la puani. "Utakaa? Wewe?"

"Nitakaa."

"Haya. Tutaenda. Lakini sikiliza, ukiinuka kabla hujamaliza, hata mara moja, hata kwa kikojo, mimi nageuza narudi hapa Migori, na mamako kupanda au kutopanda ni shauri lake."

Nikakubali. Hasira yangu ndivyo ilivyo, hukubali kwanza, mimi huja kufikiri baadaye.

Safari sitaisimulia. Tulifika Kosele asubuhi, mguu wake umevimba kidogo, na kutoka barabarani hadi nyumbani alitembea kwa fimbo akikataa mkono wangu. Mama alikuwa amesimama langoni, leso mpya kiunoni, mikono haijui pa kukaa.

"Oyawore, mikayi."

"Oyawore."

Basi. Mama Mkubwa hakumwita mwenzangu wala jina lolote. Akapita, akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni pa jiko lake, akachungulia pale juu ya mafiga palipokuwa patupu, akarudi. Mama alikuwa amelitoa pipa na kuliweka uani penye mwanga, amelipangusa mpaka linang'aa kana kwamba ndilo lililokosea. Akatandika turubai. Akaleta nyungo mbili. Akamletea mwenzake kigoda, yeye akakaa chini, upande wa pili wa turubai. Mimi nikakaa katikati, pipa ubavuni kwangu, nikamwaga mbegu.

Si nyingi, mtu akizitazama. Pipa halikufika nusu. Lakini ukae uzichague moja moja!

Nilianza kwa kasi. Manjano, ungo wa kulia. Nyeupe, ungo wa kushoto. Vidole vyangu vilienda mbio, nikaona kumbe kazi yenyewe nyepesi, adhuhuri haitafika. Mama alinisaidia upande wake. Mama Mkubwa hakuchambua. Alikagua tu, na kila mara alikuwa akichomoa punje kwenye ungo wake na kuirusha.

"Hii si yangu."

Niliitazama. Ilikuwa ya manjano, lakini imepauka, rangi ya chai yenye maziwa mengi. Nikaiweka kwenye ungo wa Mama. Mama akaitazama, akaitoa.

"Wala si yangu," akasema kwa sauti ndogo.

Nikaiweka mbele ya magoti yangu. Baada ya kidogo ikapata ya pili, nyeupe yenye shavu la manjano. Halafu moja yenye mistari. Halafu nyingine. Goti la kushoto likaanza kuwasha. Nilitaka kuinuka nitembee hatua mbili tu, nirudi. Nilitaka kuangalia mawingu, maana yalikuwa yanajikusanya upande wa ziwa na sikuweza kugeuka vizuri. Nilitaka kupiga simu Migori nijue kama niliyemwachia funguo amefungua. Nilitaka kitu chochote kisichokuwa punje ya mahindi.

"Unajikuna nini?" Mama Mkubwa akauliza.

"Sijikuni."

"Huyu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuongea na mwenzake tangu tufike, ingawa bado alikuwa akiniangalia mimi, "huyu alikuwa akichambua nyoyo yangu. Anaacha maharagwe yote. Leo Mungu amemlipa."

Mama akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akainama haraka asionekane.

Jua likapanda, likajificha. Nyungo mbili zilijaa kiasi chake, lakini lundo la mbele ya magoti yangu ndilo lililokuwa likikua. Kila nilipodhani nimelimaliza, nilikuta nyingine ya namna hiyo. Na kila nikiinua moja, hawa wawili waliangalia pembeni. Nikaanza kuchoka na kule kuangalia pembeni. Nina hasira mimi, lakini si kipofu.

"Hizi zimetoka wapi?" nikauliza. "Semeni. Hakuna aliyepanda mahindi ya rangi hii."

Kuku mmoja akasogea, Mama akamfukuza kwa mkono.

"Upepo," Mama akasema mwishowe. Aliongea akiutazama mkono wake. "Mashamba yako karibu. Yakichanua, ule unga wa juu unaruka. Mimi nimekuwa nikizipata kwangu miaka mingi. Navunja hindi jeupe nakuta ndani kuna zake za manjano. Mbili, tatu. Mwaka mwingine hindi zima."

"Na ulinyamaza?" nikasema.

"Nilikuwa nazichoma kwanza. Kabla hajapita." Akazungusha punje kidoleni. "Nilihofia mikayi akiziona atasema nimeingia kwake nikaiba mbegu. Nilikuwa mgeni hapa. Baadaye nikawa nimeshazoea kuzificha."

Nikamtazama Mama Mkubwa. Nilitegemea mvua ya mawe. Uso wake ulikuwa umekaza, mdomo umevutwa, na fimbo ameishika kwa mikono miwili. Halafu mabega yakaanza kumtikisika.

"Mimi nilikuwa nawapa kuku," akasema.

"Nini?"

"Zako! Zile nyeupe! Ninapukuchua nyamula nakuta meno meupe katikati, nazitoa zote, nawamwagia kuku nyuma ya nyumba. Nilijua ukiziona utaenda kumwambia baba watoto kwamba mikayi anakuibia." Alikuwa anacheka sasa, cheko lenyewe, la tumbo, linalomfanya akohoe. "Kuku wangu walinenepa kwa sababu gani, unafikiri? Walikula nyumba yako, nyieka! Walikula nyumba yako miaka yote!"

Nyieka maana yake ni mke mwenzangu. Mama alipolisikia alijifunika uso kwa leso. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani naye hakujua. Akasema chini ya leso, "Na mimi nilijiuliza kwa nini mayai yako ni makubwa." Basi Mama Mkubwa akapiga paja lake, akasahau ni la mguu mbovu, akapiga yowe, akaendelea kucheka.

Nilikasirika, nawaambia ukweli. Wamenitesa msimu mzima, wamenifanya mjumbe, nimekaa hapa miguu imekufa ganzi nikitenganisha vitu ambavyo wao wenyewe walijua tangu zamani haviwezi kutengana! Nikafungua mdomo niseme hivyo. Tone la mvua likaniangukia mkononi.

Mama Mkubwa naye alilisikia. Akanyamaza, akaangalia juu, na uso wake ukabadilika ukawa wa kazi. Akasogea na kigoda chake mpaka mbele yangu. Akatandua leso ya mabegani, akazichota kwa viganja zile za katikati, zile zisizo za mtu, akazimwaga kwenye leso mpaka lundo likaisha, akafunga fundo.

"Hizi ndizo zangu," akasema.

Mama akafunua uso. "Na mimi nipande zipi?"

"Wewe subiri zamu yako. Lete jembe."

Wakaenda. Mmoja kwa fimbo, mwingine na jembe begani, wakapita kwenye kile kijia cha mbuzi. Niliwaona vizuri kutoka pale nilipokaa. Mama Mkubwa alilichukua jembe mwenyewe, akapiga ardhi, mara moja, mara ya pili, akatupia punje, akafukia kwa mguu mzima. Shimo la pili lilimshinda kuinama. Akasimama akitweta. Mama alikuwa amesimama ng'ambo ya kijia, shambani kwake, mikono nyuma kama mtoto wa shule, hasogei. Mama Mkubwa akamwita kwa kidevu. Akavuka. Tangu hapo Mama alichimba na Mama Mkubwa akatupia, mstari wa mikayi, mashimo yakifuatana, na sauti zao nilizisikia lakini sikusikia wanachosema.

"Naweza kuinuka?" nikapiga kelele.

Hakuna aliyegeuka.

Matone yakaongezeka. Yakaanza kulia kwenye turubai. Nikatazama nyungo zangu mbili, manjano kulia, nyeupe kushoto, safi, kazi ya asubuhi nzima, kazi ya mtu asiyejua kukaa. Mbegu ikilowa imekwisha. Nyumba ilikuwa hatua chache tu, lakini nilipojaribu miguu haikuwepo, ilikuwa mali ya mtu mwingine. Na makubaliano ni makubaliano. Karibu yangu palikuwa na pipa, na kifuniko chake.

Nikaushika ungo wa kulia, nikamimina. Nikaushika wa kushoto. Mkono ukasita kidogo, hewani, mvua inanipiga kichwani. Nikamimina.

"Wewe!" Mama Mkubwa alikuwa amegeuka kule shambani, fimbo juu. "Umeinuka?"

"Sijainuka!"

"Na mbegu umezifanya nini?"

Mimi mwenye maneno yote yale. Mwenye kukoroga na kukanda na kuunga. Nikatafuta, nikakuta limebaki moja, la mama yangu.

"Nimeziweka pamoja!"

Akasimama pale, leso ya mbegu imemganda kifuani kwa maji, Mama nyuma yake ameinama juu ya shimo, jembe limetulia. Mvua ilikuwa inakuja sasa yenyewe, kutoka ziwani, ukuta mzima.

"Basi funika vizuri!" akanipigia kelele, akageukia shimo lake.